Nguo za Wakati wa Vita na Karatasi za Kukatia

Wako watu Uingereza na Marekani ambao leo, miaka 80 na zaidi tangu Vita Vikuu vya Pili, hukaa na mkasi na cherehani wakashona magauni yale yale waliyoyavaa mama zao na nyanya zao kati ya mwaka 1939 na 1945. Hawabahatishi wala hawakati kwa kutazama picha. Hununua vigezo, yaani zile karatasi nyembamba za kukatia nguo, vilivyotolewa upya kutokana na vigezo vya miaka hiyo. Makampuni ya zamani kama Simplicity, Butterick na Vogue huvichapa tena na kuviuza. Mabega ya mraba yaliyotiwa mito midogo, kiuno kilichobanwa, sketi ya vipande vinne au sita inayokomea chini kidogo ya goti, kola iliyolala, vifungo vichache. Yote hutoka kama yalivyokuwa.

Msomaji wetu wa Mombasa, Lamu au Malindi atauliza: haya yatuhusu nini sisi? Twasema yatuhusu, tena sana. Hebu na tujiulize. Mwanamke wa Mji wa Kale akitaka leo kumshonea binti yake vazi alilolivaa nyanya yake mwaka 1943, atakatia karatasi gani? Ataipata kwa nani? Na fundi atakayempelekea kazi hiyo, akiambiwa atie taharizi na kikwapa, atajua ni nini aambiwacho?

Tutaanzia mbali kidogo na pwani, huko Webuye, kwa kuwa mji huo una mambo mawili yanayoingia katika habari hii moja kwa moja. Webuye iko magharibi mwa Kenya, katika Bungoma, kwenye njia ya reli na barabara kuu iendayo Uganda, chini ya vilima vya Chetambe na karibu na maporomoko ya mto Nzoia. Wazee wetu waliofanya kazi ya reli waliijua kwa jina la Broderick Falls. Jambo la kwanza la Webuye ni karatasi. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kutoa karatasi hapo mwaka 1974, na kwa miaka 35 mji mzima uliishi kwa karatasi. Za kuandikia, za kuchapia, na zile nene za kahawia za kufungia bidhaa, ambazo fundi nguo huzipenda kuliko zote kwa sababu hazipasuki upesi na zakubali kukunjwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa kampuni ya Rai. Jambo la pili ni kwamba sehemu hizo ndizo zilizokutanisha nguo mbili kubwa za Afrika Mashariki: kanzu, iliyopanda kutoka kwetu pwani, na gomesi, iliyoshuka kutoka Uganda. Tutarudi kwazo.

Kwanza tuyaeleze magauni ya vita yenyewe, maana wengi huyaona katika filamu za zamani wakadhani ni mtindo tu wa kujirembesha. Mtindo ule ulizaliwa na uhaba. Tarehe 1 Juni 1941 serikali ya Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi. Kila mtu mzima alipewa kuponi 66 za mwaka mzima, na gauni moja la sufi lilikula 11. Viatu navyo vilitaka kuponi, soksi pia, hata kitambaa cha kujishonea mwenyewe. Mwaka uliofuata zikaja sheria za kubana matumizi: serikali ikaamua gauni liwe na marinda mangapi, mifuko mingapi na vifungo vingapi, na pindo lisizidi upana gani. Suruali za wanaume zilikatazwa kukunjwa miguuni, jambo lililowaudhi wanaume kuliko mabomu, au ndivyo mtu angedhani kwa kelele walizopiga. Mafundi wakubwa wa London kama Norman Hartnell na Hardy Amies walitakiwa wabuni nguo nzuri zisizovuka mipaka hiyo, na nguo walizozitoa mwaka 1942 zimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert. Mwaka 1943 kikatolewa kijitabu cha kuwafundisha akina mama namna ya kutia viraka, kugeuza koti lililochakaa na kutoa nguo mbili za watoto katika moja ya mtu mzima. Kugawa nguo kwa kuponi hakukukoma mpaka Machi 1949, karibu miaka 4 baada ya vita kwisha.

Marekani nako serikali ilitoa amri ya namna hiyo mwaka 1942, ikapunguza upana wa sketi na urefu wa koti. Wajapani walipoitwaa Malaya mwanzoni mwa mwaka huo mpira uliadimika, na lastiki ya nguo za ndani ikawa kama dhahabu. Chuma kilihitajiwa na viwanda vya silaha, kwa hivyo zipu nayo ikawa haba. Ndiyo sababu magauni mengi ya miaka ile hufunguka ubavuni, upande wa kushoto, kwa vifungo vidogo vya kubonyeza.

Kwa hiyo kigezo cha mwaka 1942 kina hesabu ndani yake. Mtu akikitandaza juu ya kitambaa huona vipande vilivyopangwa kichwa kwa mguu, kipande cha kola kimejibana katika pengo la kwapa, na mabaki yatupwayo hayajazi kiganja. Gauni zima hutoka katika yadi 3 au 4 za kitambaa chembamba. Fundi wa leo aliyezoea kuagiza mita 5 na kutupa moja ana la kujifunza hapo, na mwenye kulipia kitambaa ana la kujifunza zaidi.

Na huku kwetu? Vita vilitufikia kwa mlango wa duka. Kabla ya vita sehemu kubwa ya vitambaa vya bei nafuu vilivyouzwa Afrika Mashariki ilitoka Japani. Kanga, shuka, marekani ya bandia, chiti za magauni. Desemba 1941 Japani ikaingia vitani na mlango huo ukafungwa siku moja. Viwanda vya Uingereza vilikuwa vikishona sare za askari, na meli chache zilizopita baharini zilibeba silaha kwanza. Mwaka 1942 manowari za Waingereza zilizokuwa Ceylon zilihamia Kilindini, bandari ikajaa wanamaji, na dukani kitambaa kikazidi kuwa haba na ghali. Huko magharibi hali haikuwa nzuri zaidi. Pamba ililimwa sehemu za Bungoma na Busia, ikauzwa, ikasafirishwa kwa reli ile ile kupita Broderick Falls hadi Kilindini na kuvuka bahari, na mkulima aliyeilima akakosa kitambaa cha kumvisha mkewe.

Wakati huo mwanamke wa pwani alivaa nguo za namna mbili, na tofauti yake ni muhimu kwa habari yetu. Ya kwanza ni nguo isiyokatwa. Kanga haihitaji kigezo. Hununuliwa doti, hutenganishwa, hupindwa, basi. Mwaka 1943 ilifungwa kama ifungwavyo leo, na mjukuu atakayeirithi hatahitaji mtu wa kumfundisha zaidi ya mama yake. Ya pili ni nguo ya kukatwa na kushonwa: kanzu ya kike, gauni la nyumbani, suruali ya marinda ambayo vikongwe wa Unguja na Lamu walikuwa wakiivaa bado, na buibui la zamani, lile la vitambaa vyeusi vilivyoungwa na kufungwa kichwani, lililoenea pwani mwanzoni mwa karne ya 20. Hizi ndizo zilizo hatarini. Buibui la kufunga limekwisha kusukumwa kando na yale ya mfano wa koti yatokayo Ghuba, na msichana wa miaka 20 huenda hajapata kuliona limevaliwa ila katika picha. Hatusemi hili kwa kulilaumu la sasa. Linasitiri, ni jepesi kuvaa, na mvaaji ana mikono miwili huru ya kubebea mtoto na kikapu. Twasema tu kwamba lile la kale lilikuwa na mkato wake, na mkato huo haukuandikwa popote.

Au tuseme uliandikwa, lakini si kwenye karatasi. Uliandikwa katika maneno. Chukua kanzu. Fundi wa zamani hakuwa na kigezo cha karatasi, lakini kila kipande cha kanzu alikiita kwa jina lake. Badani ni kipande kikubwa cha mbele na cha nyuma kishukacho kutoka begani. Taharizi ni vile vipande vya ubavuni, vyembamba juu na vipana chini, viipavyo kanzu nafasi ya kupiga hatua. Kikwapa ni kile kipande kidogo kitiwacho chini ya mkono ili mtu aweze kuinyanyua mikono yake asiisikie nguo ikipasuka. Kaba ni kitambaa cha kuimarisha shingo. Mwanafunzi aliyeketi chini ya fundi miaka 3 akitumwa "niletee taharizi" alijifunza jina na umbo pamoja.

Na angalieni ujanja wa mkato huo. Taharizi mbili hutoka katika kipande kimoja cha mstatili kilichokatwa hanamu, toka pembe hadi pembe. Moja hugeuzwa juu chini, na hakuna hata kidole kimoja cha kitambaa kilichopotea. Kikwapa hukatwa mraba kikatiwa kwa pembe, kikavutika pale kilipotakiwa kuvutika. Badani hufuata upana wa kitambaa kama kilivyotoka kwa mfumaji. Hesabu ile ile ambayo serikali ya Uingereza iliwalazimisha mafundi wa London waifanye mwaka 1942, mafundi wa Lamu na Siyu walikuwa wakiifanya zamani bila amri ya mtu, kwa sababu kitambaa kilisafiri mbali kuwafikia, na kwa sababu israfu ni israfu. Hapo ndipo magauni ya vita na kanzu yetu ni ndugu, ingawa ukizitundika pamoja hazifanani hata kidogo.

Tofauti ni kwamba wenzetu wana karatasi. Mwaka 1863 fundi mmoja wa jimbo la Massachusetts, Ebenezer Butterick, alianza kuuza vigezo vya karatasi vilivyokatwa kwa vipimo mbalimbali, ili mama aliye mbali na mji aweze kushona nyumbani bila fundi. Wasomaji wa Unguja watalikumbuka jimbo hilo kwa jambo jingine. Ndiko zilikotoka jora za kile kitambaa kigumu tulichokiita marekani, kilicholetwa na meli za Salem, na ambacho kilipungua sokoni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861. Basi katika miaka ile ile ambayo marekani ilituadimikia sisi, huko kwao kigezo cha karatasi kilikuwa kinazaliwa. Kitambaa chao tulikipokea mapema. Kigezo hakikutufikia, au kilitufikia kikaishia katika skuli za misheni na nyumba za masetla.

Isidhaniwe kuwa wao walitunza kila kitu. Kigezo ni karatasi laini kama ganda la kitunguu, hukatwa, hutobolewa kwa pini, hutupwa. Vingi vya wakati wa vita havikuchapwa hata mistari. Vilitobolewa vitundu tu, na mshonaji alitakiwa kujua kuwa kitundu kikubwa maana yake hivi na kidogo maana yake vile. Kampuni ya Vogue yenyewe, ilipotaka kutoa upya mitindo yake ya zamani, iliwaomba watu waliokuwa na vigezo hivyo majumbani waiazime. Katika Chuo Kikuu cha Rhode Island marehemu Profesa Joy Spanabel Emery alikusanya makumi ya maelfu ya vigezo vya namna hiyo, vingine vilivyotoka katika masanduku ya marehemu ambayo jamaa walikuwa tayari kuyachoma moto. Bila watu kama hao gauni la mwaka 1943 lingebaki picha tu.

Na hata sasa anayenunua kigezo kilichotolewa upya na awe macho. Mara nyingine kampuni hubadili vipimo ili vilingane na miili ya leo, au huhamisha zipu kutoka ubavuni kuipeleka mgongoni kwa kuwa ni rahisi. Namba ya kipimo iliyoandikwa juu ya bahasha haiaminiki. Amini utepe wako wa kupimia. Mwanamke wa Kiislamu atakayependa mkato huo ana kazi yake ya ziada, nayo si kubwa: sketi ya vipande sita yaweza kurefushwa mpaka kifundo cha mguu kwa kuendeleza mistari ile ile ya hanamu, na mkono wa kiwiko waweza kufikishwa kwenye kifundo cha mkono ukiongezwa upana kidogo ili kiwiko kikunjike. Bega la mraba halina haja ya kuguswa. Wa kwanza ushonwe kwa marekani au shuka kuukuu, upigwe bandi tu, uvaliwe, urekebishwe, ndipo kitambaa cha pesa kiguswe na mkasi.

Sasa turudi Webuye, kwenye ile gomesi. Pwani huiona katika harusi za jirani zetu wa bara, vazi refu lenye shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyochongoka na mshipi mpana wa kitambaa kiunoni. Inasimuliwa sana kwamba umbo lake hilo lilitoka skuli ya wasichana ya Gayaza, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1905, ambako fundi mmoja Mgoa aitwaye Gomes alipewa kazi ya kuwashonea wanafunzi, na ndipo jina lilipotoka. Hula kitambaa cha mita 6 hivi. Kutoka Uganda ilivuka mpaka ikaenea Busia, Bungoma na Webuye, na leo ni vazi la heshima la mama wa makamo huko. Lenye kutufurahisha sisi ni kile kinachofungwa ndani yake, ile shuka ya chini inayolikamata vazi lisilegee nyongani. Waganda huiita kikoyi. Ni neno letu hilo, kikoi, lililosafiri na kitambaa chake mpaka huko.

Kanzu nayo ilifika huko kwa njia ya misafara. Mumias si mbali na Webuye, na misafara ya watu wa pwani ilikuwa ikipumzika hapo kabla ya kuwako reli. Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949, alisilimu, na wengi wa jamaa zake vilevile. Basi hata asiyesali alikuja kuiona kanzu kuwa vazi la mzee wa heshima.

Fundi wa Webuye akiambiwa ashone gomesi hahitaji karatasi wala picha. Humpima mama bega, kifua na urefu, huchora kwa chaki juu ya kitambaa, hukata. Bega lile lililochongoka lilikuwapo kabla ya vita, likapita wakati wa vita, likapita uhuru, na liko leo, kwa sababu halikupita hata juma moja bila mtu kulikata. Hilo ndilo somo ambalo mji huo unatupa. Nguo inayovaliwa kila juma hujihifadhi yenyewe mikononi mwa mafundi. Nguo iliyowekwa sandukuni haina mlinzi, na hiyo ndiyo itakayo karatasi. Sisi wa pwani tumezitia sandukuni nguo za nyanya zetu bila kuziwekea karatasi, tukajiridhisha kwamba maadamu tuna picha ukutani tunazo nguo.

Tunajua wako watakaotuuliza kwa nini tushughulike na matambara ya kale na hali dukani nguo tele zimekwisha kushonwa, tena rahisi. Jibu letu ni la tumbo kabla ya kuwa la utamaduni. Mitumba imewapunguzia mafundi kazi ya magauni. Nguo zilizoshonwa China na Dubai zimewapunguzia ya mabuibui. Fundi aliyebaki na kazi ni yule anayeshona kitu kisichopatikana kwa rundo: sare ya skuli, nguo ya harusi, gomesi kule bara, kanzu ya kupimwa huku kwetu. Fundi anayeweza kushona kanzu ya kike ya mwaka 1943 iliyo sahihi kila kipande atapata wateja ambao hakuna kontena litakalomnyang'anya. Huko Ulaya wako watu wanaolipwa vizuri kwa kazi hiyo hasa, kuwashonea wacheza filamu na majumba ya makumbusho. Hapa petu, siku filamu ya Mombasa ya wakati wa vita itakapopigwa, mavazi yatakisiwa.

Wengine watasema kuwa nguo za kukatwa si zetu, zilikuja na wageni. Marekani ilikuja na Wamarekani, kaniki na Wahindi, kanzu na Waarabu, cherehani na neno lake vilikuja kutoka ng'ambo. Lau tungekataa kila kilichokuja na jahazi tungebaki na majani ya mgomba. Kilicho chetu ni mkato tulioufanya na jina tulilolitia.

Basi la kufanya ni lipi? Halihitaji mfadhili. Kama nyumbani mna kanzu ya kike, suruali ya marinda au buibui la kale, litoeni sandukuni siku ya jua lisilo kali na mlitandaze juu ya meza au jamvi safi. Msifumue mshono hata mmoja. Tandika karatasi chini yake, ile ya kahawia ndiyo bora, kisha kwa pini nyembamba choma kufuata mshono, kidole kwa kidole, mpaka karatasi iliyo chini ipate vitundu. Ondoa nguo, unganisha vitundu kwa penseli. Ndivyo vigezo vya vita vyenyewe vilivyokuwa, vitundu. Fanya kipande kimoja kimoja. Ongeza nje ya mstari nafasi ya mshono, nusu inchi yatosha, na uiandike kuwa umeiongeza, asije mwingine akaiongeza tena. Chora mshale kuonyesha mtande wa kitambaa umeelekea wapi, kwa sababu taharizi iliyokatwa kinyume cha mtande hujinyonga ubavuni na hakuna pasi itakayoinyoosha. Na juu ya kila kipande andika jina lake: badani, taharizi, kikwapa, kaba. Ikiwa mama wa nyumba ana jina jingine alilolizoea, andika hilo pia, na mji alikolisikia. Jina la Lamu huenda lisiwe la Mombasa.

Usitumie gazeti, hata hili. Wino wake huacha weusi, na nguo nyingi za kale ni nyeupe. Wino wa kalamu nao hutanda kwa unyevu wa pwani, penseli haitandi. Karatasi ikunjwe na kuwekwa mbali na nguo yenyewe, na vipande viwili vya karafumaiti vikae katika sanduku la nguo, si katika la karatasi.

Vyuo vyetu vya ufundi vina nafasi yao. Kijana anayesomea ushonaji hufundishwa kukata kigezo cha sketi, cha shati na cha gauni, na hupimwa kwa hayo. Sioni sababu ya kijana wa Mombasa, Kilifi au Lamu kupata cheti bila kupata kukata kanzu ya taharizi japo mara moja. Mwalimu atakayekosa kigezo ataje majina ya vipande kwanza, na vipimo vitafuata. Wazee waliobaki wenye maduka ya kanzu wakaribishwe darasani asubuhi moja wakiwa na mikasi yao. Wakiulizwa watasema, wengi hawajapata kuulizwa.

Ukurasa huu uko tayari kuchukua sehemu yake. Mwenye kuwa na suruali ya marinda au kanzu ya kike iliyoshonwa kabla ya mwaka 1945, na akaweza kuinakili kama tulivyoeleza, atuletee nakala ya karatasi yake pamoja na vipimo vya kila kipande kwa inchi, jina la mji, na jina la vazi kama liitwavyo nyumbani kwao. Nguo yenyewe ibaki kwake. Tutakichora kigezo hicho hapa kwa kipimo kidogo, inchi moja kwa futi moja, ili fundi yeyote, awe wa Mombasa au wa Webuye, aweze kukikuza na kukikata.